Mfungo Ndani ya Wodi

Kila mtu aliniambia napoteza wakati. Katika sherehe zetu Wakenya za Jumamosi huku Carrollton, kando ya Dallas, ukirusha jiwe litampata nesi, na ukirusha la pili litampata nesi anayesomea kuwa nesi mkubwa zaidi. Walionitangulia, wale wenye leseni ya kuwachunguza wagonjwa wa akili na kuwaandikia dawa, walinizunguka na sahani zao za pilau wakanipa mawaidha. Eti ni-apply tu, shule za mtandaoni haziulizi kama umewahi kukanyaga wodi ya akili, uzoefu utaupata hukohuko mbele. Mmoja alinicheka waziwazi: kwa nini nikubali mshahara uliopungua na zamu za wikendi ili nikakae na watu wanaozungumza na kuta?

Mimi nina kichwa kigumu, sikatai. Lakini safari hii haukuwa ukaidi mtupu. Rafiki yangu mmoja alimaliza shule hiyo bila kuwahi kumhudumia hata mgonjwa mmoja wa akili, akaajiriwa kliniki huko Richardson, na wiki yake ya kwanza mwanamume mmoja akaketi mbele yake akamwambia kwa utulivu kwamba amechoka kuishi. Rafiki yangu aliomba radhi, akaenda kujifungia chooni, akatafuta kwenye simu kitu cha kumjibu. Alinisimulia huku akicheka mpaka machozi. Mimi sikucheka. Nilijiona mwenyewe nimekaa ndani ya choo hicho, simu mkononi, na mtu ananingoja nje.

Basi nikaamua: kwanza wodi, shule baadaye. Nilikuwa nimetoka Houston, ambako nilifanya kazi miaka kadhaa katika wodi ya figo, na huko nilikuwa mtu wa kukimbia. Dripu, mashine za kusafisha damu, presha inayoporomoka, kengele zinazolia kila chumba. Hospitali hii mpya ilikuwa ndogo, ya ghorofa moja, kaskazini mwa Dallas, na milango yake ilikuwa miwili miwili. Wa mbele haufunguki mpaka wa nyuma yako ufungwe. Wagonjwa walivuliwa kamba za viatu. Na mimi, mtu wa mbio, nikaambiwa nikae.

Mkuu wa wodi, mama Mmarekani mweusi mwenye sauti ya chini, aliniambia mapema kabisa kwamba nikiwa na haraka wagonjwa wataisikia kabla sijafika. Niliudhika. Haraka yangu ilikuwa imeokoa watu Houston. Lakini siku kijana mmoja aliporusha kiti kikapita karibu na sikio langu, na yule mama akamwendea polepole akiongea naye habari za mpira mpaka akaketi chini na kulia, niliacha kubisha. Nilikuwa naogopa, nasema kweli. Nilikuwa nikifika kwenye maegesho asubuhi nakaa garini kwanza, nasali, ndipo naingia.

Hapo ndipo akaletwa yule dada.

Alikuwa mama kijana, Mkongomani, mkazi wa zile fleti zilizobanana za Vickery Meadow, mtaa wa wakimbizi hapa Dallas. Polisi walimkuta akitembea kwenye reli ya treni, mtoto mgongoni, akiimba kwa furaha isiyo na mahali pa kutua. Hakuwa amelala kwa siku nyingi. Watoto wakachukuliwa na mama yake mzazi, naye akaletwa kwetu bila hiari yake. Daktari wetu, Mhindi mmoja mpole, alimwanzishia lithiamu, dawa ya zamani ambayo kwa ugonjwa kama wake hufanya kazi ya ajabu, na ikafanya. Usingizi ukarudi. Maneno yake yakaanza kufuatana. Jaji angeisikiliza kesi yake Ijumaa kupitia skrini, aamue kama arudi kwa watoto wake au aendelee kuzuiliwa, na sote tuliona kwamba anaelekea nyumbani.

Aliponisikia mara ya kwanza nikimsalimia kwa Kiswahili alinishika mkono akakataa kuuachia. Kiswahili changu ni cha Nakuru, kimejaa matuta, na chake ni cha Kivu, kina Kifaransa ndani yake, na tulichekana sana kwa hilo. Sheria ya hospitali ilikuwa kwamba mambo ya matibabu yapitie kwa mkalimani wa simu; mimi nilikuwa wa salamu na mazungumzo ya kawaida tu. Lakini yeye hakujua mipaka hiyo, wala hakuitaka. Aliniwekea kiti karibu yake wakati wa chakula. Aliniita dada yangu wa Kenya, akaniambia kila aliloogopa: kwamba watu wa kanisa watamwogopa, kwamba mtoto wake mdogo atamsahau, akaniuliza na habari za watoto wangu. Kwa mara ya kwanza tangu nihamie wodi ile nilijisikia nina faida. Nilianza hata kutembea kwa kujidai kidogo.

Jumapili mama yake alikuja kumwona, na wanawake wawili wa kanisani kwao. Walishikana mikono kwenye kona ya ukumbi wa wageni, wakaomba kwa sauti ya chini kwa sababu walikuwa wameombwa wasipige kelele. Nilipita karibu nikasikia amina yao, nikaitikia kimoyomoyo. Sikuona ubaya wowote. Ningeuona wapi, na mimi mwenyewe nimelelewa na mama wa maombi?

Siku zilizofuata nilikuwa mapumzikoni. Niliporudi, wenzangu waliniambia kwamba dada yule anaumwa tumbo kama wagonjwa wengine wawili. Kulikuwa na kijidudu kilichokuwa kinazunguka wodini. Alikuwa ametapika. Mikono ilikuwa inamtetemeka, lakini lithiamu hutetemesha mikono, hilo kila mtu analijua. Maelezo yote yaliingia akilini. Mimi pia nikayapokea.

Kisha nikampelekea dawa zake za asubuhi.

Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, midomo imepasuka, na alipoinuka kuchukua vidonge alitembea kama mtu aliyeshuka kwenye basi baada ya safari ya mchana kutwa. Nilimpa kikombe cha vidonge na kikombe cha maji. Alitupia vidonge mdomoni, akafumba macho, akavimeza vikavu. Maji akanirudishia vilevile. Nikamwambia anywe. Akatikisa kichwa. Nikamuuliza kama maji yanamtapisha, akatabasamu kama mtu mwenye siri tamu, akaniambia nisogee karibu.

"Mi niko nafunga," akasema. "Kavu. Tangu mama alikuja. Usiambie docteur, dada yangu. Bataandika kama ni wazimu, na juge atasoma."

Kufunga kavu nakujua: hakuna chakula, hakuna maji, mpaka aliyeanzisha mfungo aufungue. Na lithiamu nayo naijua, kwa sababu huko Houston niliwahi kumhudumia mzee ambaye figo zake zilikwenda na dawa hiyohiyo baada ya kuhara kwa siku chache tu bila kunywa vya kutosha. Ile dawa ni aina ya chumvi. Mwili ukikosa maji huing'ang'ania, nayo hulundikana kwenye damu mpaka inageuka sumu. Kutapika ni sumu. Kuyumba ni sumu. Ulimi wake, niliposikiliza vizuri sasa, ulikuwa mzito. Na mimi nilikuwa nimetoka kumpa dozi nyingine kwa mkono wangu, dakika hiyohiyo.

Nilimbembeleza. Nilimwambia dawa hii na ukavu haviketi pamoja, nikamwambia habari za figo, nikamwambia habari za watoto wake. Alinisikiliza kwa upole wote. Kisha akanieleza, kama mtu anayemweleza mgeni desturi za nyumbani, kwamba mfungo si wake. Mama yake ndiye aliyeuanzisha na mama yake ndiye atakayeufungua. Wako wanne wanaofunga. Yeye akinywa, maombi ya wote yanaanguka chini, na wanayemwombea ni yeye. Hakukuwa na kelele machoni mwake, wala ile furaha ya relini. Alikuwa mzima wa akili kuliko siku zote nilizomjua, na alikuwa anakufa.

Hasira ilinipanda. Sijui nilimkasirikia nani. Nilitaka kumshika pua nimnyweshe kama mtoto.

"Nitawaambia," nikasema. "Nakuambia wewe kwanza ili usije ukasikia kwa mwingine. Nikitoka hapa nakwenda moja kwa moja kwa daktari."

Tabasamu likamtoka. Aliniita jina langu, si dada yangu wa Kenya tena, akaniomba nisiseme kwa ajili ya Ijumaa, siku ya jaji. Nikatoka. Alipoona nimefika mlangoni aligeukia ukutani.

Mkuu wa wodi hakuniuliza maswali mengi, alinyanyua simu. Daktari alikuja akitembea upesi kuliko nilivyowahi kumwona, akasimamisha lithiamu, akaagiza damu ichukuliwe na ipelekwe ipimwe kwa haraka. Kisha akanivuta pembeni akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. Aliniuliza aandike nini. Alitaka kujua kama huu ni ugonjwa unaosema, au ni imani, kwa sababu neno lolote atakaloandika ndilo jaji atakalolisoma. Hakuwa ananijaribu. Alikuwa hajui, na alikuwa na uungwana wa kuuliza.

Nilimwambia aandike kwamba amefunga pamoja na mama yake, na kwamba mama yake si mgonjwa. Akaandika hivyohivyo. Siku hizi, nikiwa na leseni ile ya wenzangu, mimi ndiye ninayeandika, na mara nyingi nakaa na kalamu hewani kwa sababu ya swali lile. Shuleni hakuna aliyewahi kuniuliza.

Majibu ya damu yalirudi kabla ya saa sita mchana, na yalikuwa mabaya. Kiwango kilikuwa kimevuka mstari wa hatari. Ambulensi ikaitwa impeleke hospitali kubwa akawekewe dripu, na hapo ndipo mambo yakaharibika zaidi, kwa sababu dada yule alipoambiwa habari ya dripu alikunja mkono wake kifuani akakataa. Maji ni maji, yapitie mdomoni au mshipani. Mkalimani wa simu, kwa Kiswahili safi cha Unguja, alimweleza mara ya pili na ya tatu. Akakataa. Daktari alisema ikibidi watamfunga mikono na kumwekea kwa nguvu, kwani hawatamwacha afe. Nilijua hilo lingekuwaje. Watu wanne juu ya mwanamke mmoja, yeye akipigana kwa ajili ya Mungu wake na watoto wake, na Ijumaa jaji angesoma kwamba mgonjwa alikuwa na fujo.

Dada yule alikuwa ametia saini turuhusiwe kuzungumza na mama yake. Nikamwambia mkuu wa wodi tumwite mama mtu. Akaniambia ameshampigia zamani, yuko njiani.

Mama alifika kwa treni na basi, amevaa sare ya usafi ya hoteli anakofanya kazi. Nilipomwona nilishangaa kwa namna ambayo sikutaka kushangaa. Midomo yake ilikuwa imepasuka kuliko ya bintiye. Alikuwa amesugua mabafu ya watu tangu asubuhi, kwenye joto la Dallas, bila tone la maji. Nilikuwa nimejiandaa kumkasirikia, na hasira ikakosa mahali pa kukaa.

Tuliingia chumba kidogo na mkalimani kwenye simu, kama sheria inavyotaka. Mama alisikiliza sauti ile ya Unguja kwa muda, kwa adabu. Kisha akaichukua simu, akailaza mezani kifudifudi, akanitazama mimi. Akasema Kiswahili nakijua mimi pia, basi niseme mimi. Nilimtazama mkuu wa wodi. Akaangalia saa ya ukutani, akainamisha kichwa kukubali.

Nikasema. Nilimwambia kila kitu, sikupaka sukari. Alipofahamu, hakulia wala hakunifokea.

"Huyu mtoto alikuwa ameshakufa mu kambi," akasema. "Docteur hakukuwa, dawa hakukuwa. Nilifunga bila maji, na akafungua macho. Sasa wewe unaniambia mimi maji?"

Sijawahi kulala kambini. Nimefunga, ndiyo, lakini nimefunga nikiwa na friji iliyojaa. Nje nilisikia milango ikifunguka na kufungwa, nikajua watu wa ambulensi wamefika na machela yao.

"Mama, Mungu wako ndiye wangu," nikamwambia. "Lakini hii dawa haijui kama amefunga. Bila maji inamgeukia sumu, na imeshaanza. Angekuwa mtoto wangu ningemnywesha sasa hivi."

Akaitazama ile simu iliyolala mezani. Nilihisi ningeweza kupiga kelele. Kule Houston ningekuwa nimeshakimbia, nimeshapiga kengele, nimeshashika mtu mshipa. Hapa kazi yangu ilikuwa kumngoja mama mmoja amalize kufikiri, na kila dakika ilikuwa inaingia kwenye figo za bintiye. Nilikaa. Sijawahi kufanya kazi ngumu kuliko hiyo.

Mwishowe akainuka, akaomba apelekwe kwa mwanawe, na akaomba kikombe.

Watu wa ambulensi walikuwa wamesimama mlangoni mwa chumba pamoja na daktari. Mama alipita katikati yao, akaketi kitandani, akashika kikombe cha karatasi kwa mikono miwili, akaanza kuomba. Aliomba taratibu. Alimwambia Mungu kwamba yeye ndiye aliyeufunga mfungo huu na yeye ndiye anayeufungua, kwamba kama kuna kosa ni lake, lisimfuate mtoto. Mmoja wa watu wa ambulensi alikohoa. Mkuu wa wodi alimwekea mkono begani. Kisha mama akanywa nusu ya kikombe mbele ya bintiye, na nililiona koo lake likiyapokea yale maji kwa shida, na iliyobaki akamwekea bintiye mdomoni.

Dada yule akanywa. Muda wote aliokuwa anakunywa hakumtazama mama yake. Alikuwa ananitazama mimi. Kisha akanyoosha mkono wake mwenyewe, kwa hiari, wakamwekea dripu hapohapo, wakampandisha kwenye machela.

Nilimaliza zamu, nikaenda kukaa garini, nikalia mpaka vioo vikaingia ukungu. Nililia kwa woga uliopita na kwa furaha pia. Nilijiambia kwamba sasa najua kwa nini nilikataa mawaidha ya wale wa pilau. Nakiri nilijisifu. Nilimpigia rafiki yangu wa Richardson nikamwambia nimejifunza kukaa, na yeye, maskini, hakuelewa nasema nini.

Figo za dada yule zilipona. Kesi ikaahirishwa, na baadaye akarudishwa kwetu amalizie matibabu, amekonda lakini anatembea wima, na chupa ya maji mkononi. Asubuhi hiyo nilifika mapema. Nilikuwa nimeshajiandalia salamu za Kivu nilizojifunza kwake, ili nimchekeshe.

Mkuu wa wodi aliniita ofisini kabla sijamfikia. Alisema mgonjwa ameomba nisimhudumie. Kupitia mkalimani, aliomba nesi yeyote isipokuwa mimi, na alipoulizwa kama nimemkosea alisema hapana. Alisema anataka nesi ambaye haelewi Kiswahili.

Iliniuma. Wacha niseme wazi, iliniuma kuliko kiti kile kama kingenipata. Nilikuwa nimemwokoa mtu, na mtu huyo alikuwa amenifungia mlango. Mkuu wa wodi aliniambia niache, nisiende kujieleza. Kwa siku kadhaa nilimtii. Nilimwona dada yule akielekezana kwa vidole na mwenzangu wa Ufilipino, wakacheka, na nikapita na vitu vyangu kama nina kazi mahali pengine.

Siku aliyoruhusiwa kwenda nyumbani, jaji akiwa ameshamwachia, alikuwa ameketi ukumbini na mfuko wa nguo zake, akimngoja mama yake. Hakukuwa na mtu mwingine karibu. Kichwa changu kigumu kikanisukuma mpaka mbele yake. Sikukaa. Nilimwambia sikuja kuomba msamaha, kwa sababu ingekuwa leo ningesema tena.

Alinitazama bila chuki yoyote. Hilo ndilo nisilolisahau, kwamba hakukuwa na chuki.

"Najua ungesema tena," akajibu. "Njo maana nilitaka mwingine."

Akaniuliza kama watoto wangu hawajambo. Nikamwambia hawajambo. Kisha mlango wa kwanza ukafunguka, mama yake akaingia, na mimi nikaenda kumpima presha mzee wa chumba cha pili.